Shajara ya Mradi: Kuendesha Amplifaya Ndogo ya Valvu yenye Chaneli Mbili Jijini Dodoma

Agosti, mwanzoni

Kikundi chetu cha muziki, ambacho hufanya mazoezi katika chumba cha matofali ya saruji chenye paa la bati huko Chang'ombe, kimepata amplifaya ya gitaa inayotumia valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya umeme, na mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la kuitunza na kuwafundisha wapigaji namna ya kuiendesha. Ni mashine ndogo inayobebwa kwa mkono mmoja: nguvu yake ni wati 15, ina spika moja ya inchi 12 yenye ukinzani wa omu 8, valvu tatu ndogo aina ya ECC83 zinazokuza mawimbi ya gitaa hatua kwa hatua, na valvu mbili za nguvu aina ya EL84 zinazoisukuma spika kupitia transfoma ya kutolea sauti. Chaneli ya kwanza ni ya sauti safi na ina nobu moja tu ya ukubwa wa sauti. Ya pili ni ya sauti ya kuunguruma, nayo ina nobu ya geini inayoamua mawimbi yasukumwe kwa nguvu kiasi gani ndani ya valvu ndogo, pamoja na nobu ya sauti kuu inayoamua ni kiasi gani cha matokeo hayo kifike kwenye valvu za nguvu. Mpigaji huhama kutoka chaneli moja hadi nyingine kwa swichi ya mguu.

Lengo tulilojiwekea ni kwamba ifikapo mwisho wa mwaka, mpigaji yeyote wa gitaa katika kikundi aweze kuiwasha, kubadili chaneli katikati ya wimbo bila kuwafunika wenzake wala kupotea, kisha kuizima kwa namna isiyofupisha maisha ya valvu. Mwongozo uliokuja na mashine una picha nzuri za nobu na mipangilio inayopendekezwa, lakini mipangilio hiyo yote imejengwa juu ya umeme usiopanda wala kushuka na juu ya chumba ambacho mwandishi wake hakukiona. Kwa hiyo nimepanga kazi iende kwa utaratibu ambao nitausimamia hadi mwisho: kwanza umeme, kisha ethi, halafu chaneli safi, na chaneli ya kuunguruma mwisho kabisa, ikipimwa kwa kulinganishwa na ile safi. Anayeanza kuzungusha besi na trebo kabla ya mambo hayo atalazimika kurudia kazi yake kila mara umeme unapobadilika.

Agosti, katikati: umeme

Nimekuwa nikipima soketi ya chumba kwa maltimita nyakati mbalimbali za siku. Asubuhi husoma karibu na volti 230, ambazo ndizo kiwango rasmi cha nchi yetu, lakini jioni, karakana za kuchomelea mageti zikiwa bado kazini na nyumba za jirani zikiwa zimewasha pasi na majiko, usomaji hushuka hadi 200 na wakati mwingine chini ya hapo. Waya unaoleta umeme kwenye jengo letu ni mrefu na mwembamba, na hilo pekee linatosha kueleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Kwa chaja ya simu upungufu huo si kitu, kwa sababu vifaa vya aina hiyo hujirekebisha vyenyewe. Amplifaya ya valvu haijirekebishi. Transfoma yake ya umeme hugawa kile inachopewa kwa uwiano ule ule, hivyo soketi ikishuka kutoka volti 230 hadi 190, nyuzi za kupasha joto ndani ya valvu, ambazo zimeundwa kwa volti 6.3, hupata volti 5.2 tu, na umeme mkubwa wa ndani unaopaswa kuwa karibu na volti 300 hushuka hadi karibu na 248. Takwimu za kiufundi za EL84 zinaonyesha maana yake waziwazi: valvu mbili zinazosukuma kwa kupokezana zikipewa volti 300 huweza kutoa wati 17, ilhali zikipewa volti 250 katika mpangilio ule ule hutoa wati 11. Kwa ukubwa wa sauti pengo hilo ni chini ya desibeli 2, na ni vigumu kwa msikilizaji wa kawaida kulitambua. Kinachobadilika sana ni mahali ambapo sauti safi huanza kukwaruza. Nobu iliyowekwa namba 4 asubuhi ikatoa sauti safi kabisa, jioni huanza kukwaruza kwenye pigo lolote la nguvu, na mpigaji hudhani gitaa lake limeharibika.

Valvu za aina hii huvumilia tofauti ya takribani asilimia 10 juu au chini kwenye nyuzi za joto, jambo ambalo likirudishwa kwenye soketi linamaanisha tubaki kati ya volti 207 na 253. Nimeweka stebilaiza ya VA 1,000, ambayo ni kubwa kuliko mahitaji, kwa kuwa nyuzi za joto za valvu zote tano hula wati 15 hivi na mashine nzima haifiki wati 100. Nilichagua aina inayorekebisha kwa mota, kwa sababu ile inayobadili kwa rilei hupanda na kushuka kwa ngazi, na kila ngazi husikika kwenye spika kama mlio mkavu. Stebilaiza ina transfoma kubwa ndani yake, na transfoma hiyo hutoa usumaku unaonaswa na pikapu ya gitaa (kinasa cha mitetemo ya nyuzi), hasa pikapu yenye koili moja. Tumeiweka kwenye kona ya mbali na wapigaji, na mvumo ulipungua mara moja. Mpigaji anayesimama karibu nayo anaweza kugeuza mwili wake taratibu hadi apate upande ambao mvumo huo ni mdogo zaidi.

Kuhusu kuwasha na kuzima, kanuni tuliyoibandika ukutani ni fupi. Hakikisha waya wa spika umechomekwa. Washa umeme mkuu huku swichi ya stendibai, inayozuia umeme mkubwa usifike kwenye valvu, ikiwa imezimwa, subiri dakika moja ili valvu zipate joto, kisha washa stendibai. Mapumziko marefu yanataka mashine izimwe kabisa, maana valvu inayopashwa joto kwa saa nyingi bila umeme mkubwa huchakaa vibaya. Jambo la spika ndilo zito kuliko yote: amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika, umeme unaorudi nyuma kwenye transfoma ya kutolea sauti unaweza kuunguza transfoma yenyewe au soketi za valvu, na hakuna fyuzi inayowahi kuzuia. Waya wa spika uwe mnene na wa kazi hiyo. Kebo ya gitaa ni nyembamba mno na haifai hata kwa dharura.

Agosti, mwishoni: ethi

Mpiga rithimu alilalamika kwamba kila midomo yake inapogusa maikrofoni huku vidole vikiwa kwenye nyuzi, anapata mchomo. Nilipima kati ya nyuzi za gitaa na kichwa cha maikrofoni, nikakuta makumi ya volti. Amplifaya ilikuwa kwenye soketi moja na mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) kwenye soketi nyingine, na ethi ya soketi hizo mbili haikuwa na maana yoyote ya kweli. Nilimwomba fundi umeme wa mtaa wetu, mzee aliyeunganisha nyumba nyingi za eneo hili, aje aangalie.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii fimbo yenu ya ethi imezamishwa wapi?"

Nilimwonyesha. Ilikuwa upande wa jua, kwenye udongo uliokauka hadi ukapasuka, kama ulivyo udongo mwingi wa Dodoma kuanzia Juni hadi mvua za mwisho wa mwaka.

"Udongo mkavu hauchukui umeme," alisema. "Hapa una chuma kilichosimama, huna ethi. Tutaizamisha upya kule yanakopita maji ya kuogea, iende chini zaidi, na wakati wa kiangazi mtakuwa mnaimwagia maji."

Ndivyo ilivyofanyika. Fimbo mpya ya chuma iliyopakwa shaba imezamishwa kwenye udongo wenye unyevu, amplifaya na mikisa sasa vinachukua umeme kutoka ekstensheni moja iliyo na ethi inayofanya kazi, na kipimo kati ya nyuzi na maikrofoni kiko chini ya volti moja. Ninasisitiza kwa kila mpigaji kwamba pini ya ethi kwenye plagi haikatwi kwa sababu yoyote, hata kama kuikata kunapunguza mvumo, kwa kuwa ndani ya sanduku hili kuna volti 300 na pini hiyo ndiyo inayoyalinda maisha ya mtu anayeshika nyuzi. Plagi yenyewe ilikuja na fyuzi ya ampea 13, nami nimeibadilisha nikaweka ya ampea 3.

Mvumo uliobaki tunautambua kwa sikio. Umeme wetu una hezi 50, na mvumo unaotokana na mzunguko wa ethi, nyuzi za joto au pikapu huwa wa hezi hizo hizo, ilhali mvumo wa kapasita za kusafishia umeme zilizochoka huwa wa hezi 100. Uzi wa sita wa gitaa ukibonyezwa kwenye freti ya tatu hutoa hezi 98, kwa hiyo mvumo ulio juu kidogo tu ya sauti hiyo ni wa kapasita, na ulio oktavu moja chini yake ni wa ethi au pikapu. Wa kwetu ulikuwa wa chini. Kapasita ni nzima.

Septemba: chaneli safi

Sehemu hii imechukua mwezi mzima, na naona ilistahili. Gitaa la muziki wa dansi hapa kwetu linahitaji sauti safi yenye kulia. Solo na rithimu husukana, kila moja ikiacha nafasi kwa mwenzake, na msikilizaji lazima atambue kila noti ilipoanzia. Sauti ikikwaruza, kusukana huko hugeuka kuwa ukungu. Kwa hiyo swali la kwanza ni kiasi gani cha usafi wati 15 zinaweza kutoa mbele ya dramu.

Jibu ni kwamba zinatosha kwa chumba chetu, ila kwa akiba ndogo. Spika ya inchi 12 ya gitaa kwa kawaida hutoa karibu desibeli 97 hadi 100 kwa wati moja ikipimwa umbali wa mita moja, na wati 15 huongeza takribani desibeli 12 juu ya hapo, kiwango kinachoshindana na dramu zinazopigwa kwa nguvu. Lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa, mahali ambapo valvu za nguvu zimeanza kubanwa, na usafi wa kweli unaishia chini ya hapo. Nilikaa na mpiga dramu, nikamwomba apige kama anavyopiga kwenye wimbo halisi, nikapandisha nobu ya sauti kidogo kidogo huku mpiga solo akirudia kifungu kile kile. Kwa gitaa lenye pikapu za koili moja, namba 5 ndiyo ya mwisho kabla pigo la nguvu halijaanza kukwaruza. Kwa gitaa lenye pikapu za koili mbili, ambazo hutoa mawimbi makubwa zaidi, ni namba 4. Pale pale kwenye ukingo huo ndipo mashine inapopendeza zaidi: pigo laini hutoka safi, pigo zito huongezewa unene kidogo, na mkono wa kulia wa mpigaji ndio unaoamua.

Jambo lililobadilisha sauti kuliko nobu yoyote ni mahali mashine inapokaa. Ikiwa sakafuni, spika huelekea magotini mwa mpigaji, na kwa kuwa trebo ya spika ya inchi 12 husafiri mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi, aliyesimama karibu haisikii. Hupandisha trebo hadi aridhike, na aliye mita kadhaa mbele hukatwa masikio. Tumeiweka juu ya kigoda, imeinamishwa nyuma kidogo ili ielekee kichwani mwa mpigaji, na trebo ikashuka kutoka namba 8 hadi 5 bila mtu kulazimishwa.

Nobu tatu za besi, midi na trebo zinategemeana. Hazina valvu ya kuongeza kitu. Zinachoweza ni kupunguza tu, na ukizungusha moja unabadilisha kazi ya nyingine. Zote zikiwekwa sifuri, sauti karibu inatoweka. Nimewafundisha wapigaji kuanza na midi namba 6, kisha kuongeza besi hadi gitaa liwe na mwili bila kuingilia eneo la gitaa la besi, na kumalizia na trebo. Katika chumba chenye kuta tupu za saruji, besi namba 4 inatosha. Tulitundika mablanketi mazito kwenye kuta mbili, na ule mlio wa kurudi kutoka ukuta wa nyuma ukapungua sana.

Oktoba: chaneli ya pili na usawa wa chaneli mbili

Amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na chaneli mbili ambazo zote zilikuwa za sauti safi, zikitofautiana tu kwa ung'avu au zikiwekwa ili wapigaji wawili watumie mashine moja. Mpango wa kuwa na chaneli ya kuunguruma inayoitwa kwa mguu ulikomaa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa kupitia kazi za Randall Smith wa Mesa/Boogie huko California, ambaye aliunganisha hatua za valvu moja baada ya nyingine ili mashine ndogo iweze kunguruma hata kwa sauti ya chini. ECC83 ina uwezo wa kukuza mawimbi takribani mara 100 kwa hesabu ya karatasi, na katika saketi halisi kila hatua hukuza mara hamsini na kitu. Hatua ya kwanza ikiimwagia ya pili, na ya pili ikiimwagia ya tatu, kilele cha mawimbi hakina pa kwenda na hukatwa. Sauti mpya za juu huzaliwa kutokana na kukatwa huko.

Wapo katika kikundi waliokuwa na shaka kama mlio huo una nafasi katika muziki wetu. Mimi sina shaka hiyo, na sababu yangu iko hapa hapa Ugogoni. Ilimba ya Wagogo, ala ya sanduku yenye vibamba vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole, ambayo hayati Hukwe Zawose (1938–2003) aliipigia dunia nzima, imewekewa utando wa buibui kwenye tundu la sanduku lake ili itoe mkwaruzo juu ya kila noti. Watengenezaji wake hawakuona mkwaruzo kuwa kasoro. Waliutafuta kwa makusudi, kwa sababu humfanya msikilizaji aisikie noti ikiendelea kuishi baada ya kubonyezwa. Chaneli ya pili ikiwekwa kwa kiasi hufanya kazi hiyo hiyo kwenye gitaa la solo.

Neno "kiasi" ndilo tulilogombana nalo karibu mwezi wote. Mpigaji akiwa peke yake hupenda geini namba 8, besi na trebo juu, midi chini. Sauti huwa pana na ya kupendeza. Bendi nzima ikianza, sauti hiyo hupotea kabisa, kwa kuwa besi na dramu kubwa zimejaza chini, matoazi yamejaza juu, na katikati, mahali pekee palipokuwa pake, mpigaji amepaacha wazi. Tukashusha geini hadi 5 na kupandisha midi hadi 7. Akiwa peke yake mpiga solo alikunja uso. Ndani ya wimbo, hata mwimbaji aligeuka kumtazama.

Kuhusu usawa, mpiga besi ndiye aliyeliweka jambo wazi. Mpiga solo alipokanyaga swichi katikati ya wimbo, mpiga besi alisimamisha mkono na kusema, "Kaka, ukikanyaga hapo unatufunika wote, na ukirudi hatukusikii tena. Ni kama wamekuja watu wawili tofauti."

Utaratibu tuliofuata ni huu. Nobu ya chaneli safi iliyowekwa Septemba haiguswi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyopimwa dhidi ya dramu. Geini ya chaneli ya pili huwekwa kwa ladha, na sauti kuu hubaki sifuri. Mpigaji hupiga kodi ile ile kwa mdundo ule ule, akibadili chaneli kila baada ya baa nne, na msaidizi aliyesimama mbele ya spika hupandisha sauti kuu hadi chaneli zilingane. Programu ya kupimia desibeli kwenye simu inasaidia, lakini nimeona haitoshi peke yake: sauti ya kuunguruma imebanwa, vilele vyake vimekatwa, kwa hiyo wastani wake unaweza kulingana na wa sauti safi kwenye kipimo huku sikio likiisikia ikiwa nyuma, kwa kukosa lile pigo la mwanzo wa noti. Baada ya kulinganisha kwa kipimo, tuliongeza takribani desibeli 3 kwa sikio, na hapo solo ikapanda juu ya bendi bila kuifunika. Kwa mashine yetu, hiyo ni sauti kuu namba 3 na nusu.

Kila geini inapobadilishwa, sauti kuu lazima ipimwe upya. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ukutani.

Ipo njia ya tatu ambayo mpiga rithimu ameipenda kuliko swichi yenyewe. Hubaki kwenye chaneli ya pili na kupunguza nobu ya sauti iliyo kwenye gitaa lake. Mawimbi yakipungua, valvu hazikatwi tena, na sauti husafika polepole badala ya kuruka. Ubaya wake ni kwamba nobu hiyo ikipunguzwa, urefu wa kebo huanza kula trebo. Kebo ya gitaa huhifadhi chaji kidogo kama kapasita, takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, hivyo tumeacha ile ya mita 10 na kutumia ya mita 5.

Oktoba, mwishoni: valvu inayolia

Joto la Oktoba na vumbi la upepo vimekuja pamoja. Chaneli ya pili ilianza kutoa mlio mwembamba unaopanda kila mtu anapofunga mlango kwa nguvu. Niliiwasha mashine, nikaweka geini namba 5, nikachukua penseli ya mbao na kugonga kila valvu kwa upole kwenye kioo chake. Za nguvu zilikaa kimya. ECC83 ya tatu ilitoa mlio hafifu, ya pili vivyo hivyo. Ya kwanza, ile inayopokea mawimbi ya gitaa moja kwa moja, ilipoguswa tu spika ikalia kengele ndefu. Vipande vyake vya ndani vimelegea, na kwa kuwa kila kinachosikika hapo hukuzwa na hatua zote zinazofuata, mtikisiko mdogo wa spika huirudia valvu na kuanza kuzunguka.

Tulizima, tukachomoa plagi, tukasubiri valvu zipoe, kisha tukaibadilishana na ile ya tatu, inayogawa mawimbi kwa ajili ya valvu za nguvu, mahali ambapo udhaifu huo hausikiki. Zote ni aina moja, na kubadilishana huko hakuhitaji kufungua sanduku. Mlio umekwisha. Pini zilikuwa na vumbi jekundu, nami nilizipangusa kwa brashi laini na dawa ya kusafishia kontakti. Kwa sasa mashine ikishapoa hufunikwa kwa kitambaa cha pamba, kamwe si ikiwa ya moto, kwa kuwa EL84 huhitaji hewa ipite.

Novemba: mwangwi na lupu

Haya yalikwenda haraka. Mwangwi wa springi uliomo ndani unatosha ukiwa namba 2. Katika chumba cha bati tayari kuna mwangwi wa bure. Pedali ya kurudisha sauti tumeihamishia kwenye lupu iliyo nyuma ya mashine, yaani matundu ya kutolea na kurudishia mawimbi baada ya geini, ili irudie sauti ambayo imekwisha kuunguruma, maana ikikaa mbele ya geini marudio yake yote hukatwa pamoja na noti mpya na kuwa tope. Pedali ya wawa inabaki mbele.

Novemba, mwishoni: ukumbini

Tulialikwa kupiga katika ukumbi mkubwa zaidi, na baadhi ya wenzangu walitaka nobu zipandishwe. Nilikataa. Mipangilio yote ilibaki kama ilivyo chumbani, na maikrofoni aina ya Shure SM57 ikawekwa sentimita chache kutoka kwenye kitambaa cha spika, ikipeleka sauti kwenye mikisa ya ukumbi. Katikati ya koni sauti ilikuwa kali mno. Nilipoisogeza kuelekea ukingoni kwa upana wa vidole vitatu, ukali ukaondoka na noti za chini zikapata mwili. Wapigaji waliisikia amplifaya yao ile ile nyuma yao, na hadhira ikapata ukubwa kutoka spika za ukumbi. Umeme ulikuwa wa jenereta, na stebilaiza ilikwenda nasi. Kabla ya kuchomeka chochote nilipima, nikakuta volti 244.

Kurudi, mashine ilipewa muda wa kupoa kabla haijapakiwa, kisha ikasafiri ikiwa imesimama wima kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, na godoro dogo chini yake. Nyuzi za joto zikiwa za moto ni dhaifu, na matuta ya barabarani yanaweza kuzikata.

Desemba: hali ilivyo

Mipangilio iliyobandikwa juu ya mashine kwa sasa ni hii: chaneli safi, sauti namba 4 kwa pikapu za koili mbili au 5 kwa koili moja, besi 4, midi 6, trebo 5; chaneli ya pili, geini 5, sauti kuu 3 na nusu, besi 4, midi 7, trebo 4; mwangwi 2. Mvua zimeanza, na zinaponyesha kwa nguvu kelele za paa la bati hufunika hata dramu, hivyo mazoezi ya kupima chaneli tunayafanya asubuhi. Ethi haihitaji tena kumwagiwa maji.

Kazi iliyobaki ni ya akiba. Valvu mpya leo hutoka katika viwanda vichache, hasa vya Slovakia, Urusi na China, na hapa Dodoma hazipatikani dukani, kwa hiyo tumeagiza kupitia Dar es Salaam jozi moja ya EL84 zilizolinganishwa na ECC83 mbili. Umeme unaopita katika EL84 zetu hudhibitiwa na rizista iliyo kwenye kathodi, na jozi mpya haitahitaji marekebisho, ila nitapima umeme unaopita katika kila moja ili kuhakikisha zinalingana. Kipimo hicho kinahitaji sanduku kufunguliwa, na kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Nitazimwaga kwanza kupitia rizista na kuthibitisha kwa maltimita kwamba zimefika sifuri, na siku hiyo nitamwomba mzee wa ethi awepo.